Safari ni Safari, Deni ni Deni

"Pesa ya kuteleza kwa maji iko, ya kumaliza chuo haiko."

Hayo ni maneno ya shangazi yangu. Aliyaandika kwa grupu ya WhatsApp ya familia, siku moja baada ya mimi kuweka picha ya mathe akielea kwa boya la manjano pale Nyali, leso imefungwa kifuani, miguu juu, macho yamefungwa. Watu kumi na tisa waliona meseji ya shangazi. Hakuna aliyejibu. Binamu mmoja aliweka emoji ya kucheka, akaifuta.

Mimi niliisoma nikiwa kwa matatu, nikacheka kile kicheko cha mtu ameshikwa. Kwa sababu shangazi hakudanganya. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na mwezi wa nne mwaka huu nilitoa familia Kayole hadi Mombasa kwa barabara, karibu kilomita 490 kwenda na zingine 490 kurudi, ili mdogo wangu ateleze kwa maji siku moja. Shangazi sitamjibu hapa, yeye tutaonana Krismasi. Nawajibu nyinyi wasee mnaoniuliza kila wiki kama safari kama hiyo ni akili ama ni ujinga.

Jibu langu ni kwamba sio ujinga. Lakini sababu zangu za kuifanya hazikuwa safi vile nilivyowaonyesha kwa video, na leo nataka kunyoosha hiyo.

Tuanze na mathe. Mathe huuza mboga Kayole. Saa kumi alfajiri yuko Marikiti kutafuta maboksi ya nyanya, saa moja asubuhi ameshapanga kibanda. Amefanya hivyo miaka kumi na nane. Mimi nimekua nikisikia majina ya miji kama majina ya majirani: nyanya za Loitokitok, vitunguu vya Emali, ndengu za Kibwezi, tikitimaji za Makueni. Mathe anaweza kushika nyanya gizani akakwambia imetoka upande gani na imelala njiani siku ngapi. Lakini hiyo barabara yenyewe hakuwahi kuipita. Mwisho wake ilikuwa Machakos Junction, tena alienda mazishi.

Mdogo wangu naye ana miaka kumi. Mwaka juzi aliona kwa simu yangu video ya watoto wakishuka zile slaidi za Wild Waters, Nyali. Kuanzia siku hiyo hakuna maombi mengine nyumbani. Ukimtuma duka anakuuliza, "Na Wild Waters?" Ukimwambia aoge anakuuliza, "Nikioga tutaenda?" Mathe alimwahidi kwamba akipanda kutoka namba ishirini na nane hadi kumi na tano, tutaenda. Mathe alidhani ameweka ukuta. Kijana akaleta namba kumi na mbili.

Ikatokea kwamba mwezi wa tatu kampuni moja ndogo ilinilipa 70,000 kwa video tatu. Hiyo ndiyo pesa kubwa zaidi nimewahi kushika kwa mara moja. Nililala nayo usiku mmoja kwa simu, nikiangalia salio kila saa kama mtu analinda maziwa kwa jiko. Asubuhi nikamwambia mathe tunaenda Mombasa.

Sasa, hesabu. Ukitaka kwenda Mombasa bei rahisi, panda SGR. Daraja la kawaida ilikuwa 1,000 hadi walipopandisha ikawa 1,500 mwaka 2024, mtoto mdogo analipa nusu. Sisi watu wanne, yaani mathe, mimi, mdogo wangu na binamu yangu wa miaka kumi na tatu, ingekula 5,250 kwenda na hiyo hiyo kurudi. Uko Mombasa kwa saa tano au sita hivi, umekaa kwa kiti safi, hakuna lori linakutolea macho. Nilimweleza mathe hayo yote nikiwa na tiketi tayari kichwani.

Akaniuliza swali moja. "Hiyo treni inasimama Emali?"

Nikamwambia ile ya haraka haisimami, kuna nyingine inayosimama stesheni za katikati, na Emali ni moja, lakini ni dakika chache tu.

"Dakika chache nitaona nini?"

Ndivyo tulivyoishia kwa Toyota Noah ya anko.

Anko ni ndugu mdogo wa mathe. Siku hizi ni dere wa teksi, lakini aliendesha trela kati ya Mombasa na Malaba miaka tisa. Alikubali kutupeleka kwa 2,000 kwa siku, na akatoa sharti moja: hakuna kuendesha usiku. Mimi nilikuwa nimepanga tutoke saa tatu usiku ili tufike asubuhi na tusilipe nyumba siku ya kwanza. Anko alicheka. Akaniambia wale wote unaosikia wamegongana uso kwa uso kwa hiyo barabara, wengi wao walikuwa na hesabu kama yangu. Sehemu kubwa ya njia ni leni moja kwenda na moja kurudi, malori ni ya kufuatana, na kuanzia saa tisa usiku kuna madere wanaendesha wakiwa wamelala macho wazi. "Hiyo pesa ya nyumba unaokoa," alisema, "itanunua maua."

Tukatoka saa kumi na moja alfajiri. Mlolongo tukapita kukiwa bado giza jepesi, na pale kweli jina linajieleza: malori yamepanga mstari taa zikiwaka. Mdogo wangu alianza "tumefika?" tukiwa Athi River. Nawaapia. Athi River.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni lugha ya malori. Ukiwa nyuma ya trela na huoni mbele, dere wa trela anaweza kukuwashia indiketa. Ya kulia ina maana kaa hapo, kuna gari linakuja. Ya kushoto ina maana mbele kuko wazi, pita. Hakuna shule ya udereva iliyonifundisha hiyo. Lakini anko akasema kitu kingine: hata ukiwashiwa ya kushoto, usipite mpaka uone kwa macho yako mwenyewe. "Yeye anakusaidia, lakini ukigongwa si yeye atakufa." Niliandika hiyo kwa noti za simu. Nikafikiri itakaa vizuri kwa video. Baadaye ndiyo niliona inanihusu mimi.

Tulipita Salama, tukapita Sultan Hamud. Binamu yangu akauliza kama huyo sultani alikuwa Mkamba. Kwa kweli jina limetoka kwa Hamud bin Muhammed, sultani wa Zanzibar aliyetawala kutoka 1896 hadi 1902, wakati reli inajengwa kupita hapo. Hiyo barabara ina majina ya watu ambao hawakuwahi kuuza hata nyanya moja huko, na mathe aliyeuza za miaka kumi na nane anapita kama mgeni.

Halafu Emali.

Sijui nitawaelezea vipi. Mimi nimemwona mathe kanisani, kwa harusi, hospitali. Sijawahi kumwona vile alivyokuwa Emali. Alishuka kabla gari halijasimama vizuri. Akina mama wa pale walikuja mbio na ndoo za nyanya na vitunguu vya kufungwa kwa neti, wakidhani ni mteja wa kawaida wa dirishani. Mathe akamsalimia mmoja kwa kile Kikamba chake cha sokoni, akachukua nyanya moja, akaigeuza, akabonyeza kitako kwa dole gumba. Akauliza zimevunwa lini. Akauliza boksi ni ngapi shambani, ni ngapi hapa barabarani, nani analipa lori, nani analipa wa kupakia. Yule mama akaacha kuuza akaanza kujibu. Wakaketi. Dakika arobaini!

Mimi nilitoa simu, nikaanza kurekodi. Mathe akaniangalia mara moja tu. "Weka hiyo kitu. Hapa ni kazi."

Nikaiweka.

Aliporudi kwa gari alikuwa kimya. Tulipoanza kwenda akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Kumbe boksi linaongezeka zaidi ya nusu likifika Marikiti." Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu ambaye ameishi kwa nyumba miaka kumi na nane ndiyo anaona kuna chumba hakuwahi kufungua. Alikuwa na namba za simu za akina mama wawili, ameziandika kwa nyuma ya risiti ya mafuta.

Makindu tulisimama kwa hekalu la Wasikh. Kama hujui hapo mahali, shika hii. Hekalu lilijengwa mwaka 1926, na wanapikia wasafiri chakula bure, mtu yeyote, dini yoyote. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na sigara wala pombe. Tulikula chapati na dengu na chai ya maziwa. Mathe hakuamini kuwa hakuna mahali pa kulipa. Aliendelea kutafuta kaunta. Mwishowe akaona sanduku la sadaka, akaweka 200, ndipo akatulia. Akaniambia chakula cha bure humkaa vibaya kooni. Mnakumbuka hiyo.

Kutoka Makindu watoto walilala. Jua limepanda, mibuyu imeanza kuonekana pande zote, ile miti minene kama imepandwa kichwa chini. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma ya anko, mathe kando yangu. Akaniuliza bila kunigeukia, "Hii safari yote itakula ngapi?"

Nikamwambia kama hamsini na tano.

Akanyamaza kama kilomita mbili.

"Na ile thelathini na nane?"

Wasee, hapa ndipo ile sehemu sikuweka kwa video.

Nilipoingia mwaka wa tatu mathe alinipa 38,000 ya karo. Sio ya benki, sio ya mkopo. Ni pesa za nyanya, nyingine zilikuwa noti za hamsini zenye harufu ya dania. Mimi tayari nilikuwa na baki la semista ya nyuma, nilikuwa nimeacha kuingia madarasa mengine, na nilikuwa na video moja iliyotazamwa na watu laki mbili. Nikajiambia nikiwa na simu nzuri na maiki nitarudisha hiyo pesa kwa miezi mitatu. Nikanunua simu ya mtumba, maiki na taa. Karo sikulipa. Nilimwambia mathe tuko likizo, halafu tuko mgomo, halafu tuko atachimenti. Akaja kujua kwa binti wa jirani anayesoma chuo hicho hicho. Hakunigombeza. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli, akasema sawa, akaenda kupanga nyanya. Miezi kumi na nne hakuwahi kuitaja tena, na mimi nikajidanganya kuwa imeisha.

Kwa hiyo mlipoona ile safari mkasema "mtoto wa kiume anayejali mama", mimi ndani nilikuwa najua ninachofanya. Nilikuwa nalipa. Nilikuwa natafuta kununua samahani kwa jumla, niibebe kwa Noah, niipitishe Mtito Andei, niioshe kwa maji ya chumvi, ikirudi Nairobi iwe imeisha bila mimi kufungua mdomo.

Nyumbani ningejibu, "Mum, wacha tuongee baadaye," nikatoka nje. Ningeenda base. Ningevaa vipokea sauti. Kwa gari, kwa hiyo barabara, unaenda wapi? Mbele ni lori, nyuma ni lori, kulia ni mibuyu, kushoto ni mdogo wako amekulalia bega na mate yanatoka. Hakuna kona ya kujificha kwa kilomita mia mbili.

Nikamwambia, "Mum, hii safari nilitaka iwe ya kukurudishia."

Aligeuka ndipo akaniangalia. Hakukasirika. Aliongea kama anavyoongea na mteja anayempenda.

"Mteja akiniletea keki na ana deni langu la sukuma, keki nitakula. Nitashukuru. Lakini daftari sifuti. Safari ni safari, deni ni deni. Usinichanganyie hesabu."

Nikasema ndio.

"Na hata kama ungenipa zote mkononi, bado hungekuwa umesema."

"Kusema nini?"

"Wewe unajua."

Nilisema. Sitaandika hapa vile nilisema, haikuwa mazuri, sauti ilikatika na ilikuwa na makamasi. Anko muda wote huo alikuwa ameshika usukani macho mbele kama mtu anaendesha rais. Nilipomaliza, akakohoa kidogo akasema, "Mtito Andei hiyo. Tumefika nusu."

Mathe akacheka. Mimi pia. Watoto wakaamka wakitaka soda.

Kutoka Mtito Andei barabara inakata Tsavo mbili, Magharibi kulia na Mashariki kushoto, hifadhi iliyoanzishwa 1948. Reli ya SGR iko kando yako karibu njia yote, na kuna mahali imeinuliwa juu kwa nguzo ili ndovu wapite chini. Tuliona watatu, wekundu kabisa kwa sababu ya udongo wa huko. Mdogo wangu alidhani wamepakwa rangi. Anko akawasimulia ile stori ya simba wa 1898 waliokuwa wakila wafanyakazi wa reli pale mto Tsavo, madume wawili wasio na manyoya shingoni. Binamu yangu akauliza wako wapi sasa. Wako Chicago, kwa makumbusho ya Field Museum, ndani ya kioo. Mathe akasema hata simba wa Kenya wameenda majuu na sisi hatujafika Mombasa.

Mackinnon Road anko alisimama kwa ule msikiti ulio karibu na reli, penye kaburi la Sayyid Baghali Shah. Wanasema alikuwa mfanyakazi wa reli, na karai alilobeba lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Anko ni mtu wa kanisa, tena ni mzee wa kanisa. Lakini miaka tisa ya trela hakuwahi kupita hapo bila kusimama kidogo na kuacha chochote. Nilimuuliza kama anaamini. Akaniambia, "Kwa hii barabara, mimi siringi."

Mariakani, Mazeras, halafu jam ya kuingia mjini. AC ya Noah ilikufa kitambo, joto likatukaba. Tulifika nyumba ya kukodi Bamburi saa kumi na moja jioni. Saa kumi na mbili kamili kutoka Kayole, pamoja na Emali yetu.

Sasa Wild Waters yenyewe. Nyinyi mlikuwa mnangojea hiyo, mimi pia. Kesho yake saa tano asubuhi tulikuwa ndani. Mdogo wangu alikimbia moja kwa moja kwa slaidi kubwa kuliko zote, akapanda ngazi zote, akafika juu, akaangalia chini. Nikiwa na simu tayari nimeinua. Akashuka. Kwa ngazi.

Miaka miwili ya maombi, namba kumi na mbili, kilomita 490, na kijana ameshuka kwa ngazi akishika ukuta! Nilitaka kumwambia kitu. Mathe akaniwahi. "Mwache. Amefika juu akaona. Hata hiyo ni kufika." Saa saba alikuwa kwa zile slaidi ndogo, na nikahesabu mara ishirini na tatu nikaacha kuhesabu. Ile kubwa hakuenda. Anasema ni ya mwaka ujao.

Mathe naye alikuwa amekataa kuingia majini. Eti yeye amekuja kuangalia watoto. Saa nane joto likamshinda, akachukua boya, akaingia kwa ule mto wa taratibu unaozunguka bustani, na leso yake. Akazunguka mara moja. Akazunguka tena. Hakutoka mpaka saa kumi. Nilipoenda kumwuliza kama yuko sawa, akafungua jicho moja akasema, "Tangu nizaliwe sijawahi kulala mchana na hakuna mtu ananiuliza nyanya ni ngapi."

Hapo ndipo nilipiga ile picha shangazi aliona.

Nikiangalia nyuma, bustani ilikuwa nzuri, na kama una watoto nenda. Lakini tulikaa humo saa tano. Kwa barabara, kwenda na kurudi, tulikaa zaidi ya ishirini. Watu wa rika letu tunapanga safari kama tunaagiza chakula: tunataka kufika, kupiga picha, kuposti, kurudi. Njia tunaiona kama kitu cha kuruka. Mimi nilikuwa hivyo. Na kwa familia nyingi za Nairobi, zile saa kumi za gari ndizo saa kumi pekee kwa mwaka mzima ambazo watu wote wako mahali pamoja, hakuna mtu anatoka kazini, hakuna mtu analala zamu, hakuna mtu ameenda base. Ukiziruka, umeenda kuteleza tu.

Kwa wale wanaosema mtu wa Kayole hana haki ya kwenda kuteleza mpaka amalize matatizo yake yote: matatizo yetu hayaishi. Ukingoja yaishe, mtoto atakuwa na miaka thelathini na slaidi hazimbebi. Lakini kwa wale wanaofikiri safari inafuta kitu, na mimi nilikuwa mmoja wao, haifuti. Keki italiwa, na daftari liko palepale.

Kama unaenda, chukua haya. Toka alfajiri, fika kabla ya giza, na usibishane na mtu aliyeendesha trela. Mafuta kwa gari kama Noah weka 19,000 kwenda, kurudi na kuzunguka mjini. Wiki ya Pasaka na ya Krismasi epuka, bei za nyumba zinaruka na barabara inajaa. Kostyumu za kuogelea nunua Gikomba, usingoje kufika ufuoni. Tiketi za bustani sikuandikii bei kwa sababu hubadilika, piga simu kwanza ujue pia wamefunga siku gani. Beba mifuko ya kutapikia, angalau miwili kwa kila mtoto. Na ukiwa na mtu kwa gari ambaye mna maneno hamjasema, usikae karibu na mlango ukiweka vipokea sauti. Kaa kando yake.

Kurudi, mathe alinunua maboksi matatu ya nyanya Emali kwa yule mama wake. Yaliingia nyuma ya Noah, binamu yangu akafika Kayole amekumbatia begi magotini. Jumatatu mathe aliziuza zote akapata faida nzuri. Walijaribu kutumiana mara nne zaidi kwa lori, halafu gharama ya kusafirisha ikapanda, akarudi Marikiti. Lakini siku hizi akiambiwa bei pale, anauliza swali moja kuhusu Emali, na bei inashuka kidogo.

Mimi namlipa 3,000 kila mwisho wa mwezi tangu mwezi wa tano. Anaandika kwa daftari lile lile la wateja wa mkopo, jina langu liko kati ya fundi viatu na mama wa chapati. Nimelipa 21,000. Zimebaki 17,000. Sirudi kuwaambia kuacha chuo ni sawa, kwa sababu sijui bado kama ilikuwa sawa. Ninachojua ni kwamba nilipaswa kuacha kwa mdomo wangu, sio kwa pesa yake.

Shangazi, kama umefika hapa, Krismasi nitakuja na nyanya. Za Emali.

Wasee, na nyinyi niambieni: ni barabara gani mzazi wako amekuwa akiisikia maisha yake yote na hajawahi kuipita?